Tumeulizwa au Tumeambiwa?



Katika miaka yetu ya kufundisha tulikuwa na desturi moja mbaya. Tukimaliza somo tuliwauliza watoto, "Mmeelewa?" nao wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Tukafuta ubao tukaenda zetu. Mtihani ulipokuja tuliona kwamba hawakuelewa, na kwamba sisi wenyewe hatukuwa tumeuliza. Swali letu lilikuwa namna ya kuaga tu.

Twalikumbuka jambo hili kila lizungumzwapo bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko nchini mwetu. Katika mkoa wa Kagera njia yake ni Missenyi, Bukoba, Muleba na Biharamulo. Karagwe na Kyerwa haipiti. Basi mtu aweza kusema, "Yatuhusu nini?" Lakini tumeoza binti zetu Missenyi, na Mto Kagera upitao mpakani mwa Kyerwa ndio huo huo uteremkao huko. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka mradi mkubwa wa namna hii uchunguzwe athari zake, na wananchi washirikishwe, kabla cheti hakijatolewa. Ni sheria njema. Swali letu ni la dhamiri: mtu ameulizwa lini hasa? Je, kuitwa mkutanoni, kutia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio na kunywa soda, ndiko kuulizwa?

Kanisa letu lina mfano. Kabla ya ndoa kufungwa, majina ya wachumba hutangazwa kanisani Jumapili tatu, na kila ajuaye kizuizi huombwa akiseme. Tazama basi: hutangazwa mapema, kwa lugha ya watu wote, na mtu akisimama, kasisi hana budi kulichunguza neno lake. Hatumwiti adui wa ndoa. Wala hatuulizi baada ya pilau kuliwa. Kuuliza kwa kweli ni kule ambako jibu laweza kubadili jambo.

Kwa kipimo hicho tuvitazame vyama vya kutetea mazingira. Mwaka 2020 vyama vinne vya Uganda, Kenya na Tanzania vilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, vikidai, pamoja na mengine, kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Novemba 2023 mahakama hiyo, katika ngazi yake ya kwanza, iliitupa kesi kwa kuwa ilifunguliwa nje ya muda wa miezi miwili uliowekwa. Madai yenyewe hayakupimwa. Wako wasemao kwamba vyama hivi hutumwa na wageni. Hata vikipewa fedha kutoka nje, neno hupimwa kwa ukweli wake, na Mithali sura ya 31 yatufundisha kuwatetea wasioweza kujisemea. Lakini navyo vina deni: asemaye kwa niaba ya kijiji sharti kwanza aketi na kijiji, amsikilize hata yule atakaye kazi ya bomba.

Nasi je? Hatusemi bomba ni baya. Lori lipelekalo kahawa yetu halitembei kwa maji. Twasema kwamba kunyamaza mkutanoni na kunung'unika njiani ni ile ile "Ndiyo, mwalimu" ya watoto. Ukiitwa kwenye mkutano wa kijiji juu ya mgodi, barabara au msitu, nenda. Uliza maji yatalindwaje, na fidia italipwa lini. Usipoelewa, sema hujaelewa. Taka maneno yako yaandikwe kwenye muhtasari, na usomewe.

Na wewe uliyepewa kiti cha mbele, ukisha kuuliza, nyamaza kidogo ungoje jibu. Sisi tulichelewa kujifunza hilo, na waliolipa ni watoto.