Nkambo wa Tenke na Sinema ya Kolwezi

Mtoto wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alizaliwa Liège, akakua na katuni za Kijapani. Akiba yake ya kwanza ilimpeleka Japani, hadi Kamakura, pale reli inapokatiza barabara karibu na stesheni ya Kamakurakoko-mae. Mahali hapo pamo katika Slam Dunk, katuni iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 1993. Alikuta kila kitu kama alivyokizoea utotoni: kizuizi kinachoshuka, treni ya kijani ya Enoden, bahari nyuma yake. Alikuta pia umati wa wageni waliosimama barabarani na simu zao, na walinzi wa kuwaondoa, maana wenyeji wamechoka. Hilo halikumgusa. Aliondoka akiamini kwamba chochote kilichoonekana kwenye kioo kipo mahali, kinamngoja.

Kwa imani hiyo akaja kwetu Kongo. Katika simu alikuwa na sinema ya Raoul Coutard ya mwaka 1980 kuhusu vita vya Kolwezi: waasi wa FNLC walioingia mjini tarehe 13 Mei 1978, na askari wa miavuli wa Legioni ya Ufaransa walioanza kuruka tarehe 19. Alikuwa ametoa humo picha kumi na mbili za mitaa na nyumba, akitaka kusimama mbele ya kila moja.

Alifika Tenke jioni. Nkambo, yaani bibi, alikuwa amepika bukari na samaki, ameweka kiti uani. Mwaka ule wa vita nkambo aliishi Kolwezi. Alikimbia na watoto wanne mpaka Tenke hapa, reli inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Kolwezi na Dilolo, mwingine Kamina, na hakuhama tena. Baada ya kula akaanza, "Siku ile, mjukuu wangu, walionyamaza kwanza ni mbwa." Kijana akatazama saa. "Nkambo, nitarudi, utanieleza yote. Gari linaondoka alfajiri."

Alizunguka Kolwezi siku tatu. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mgodini alizitazama picha zote kumi na mbili, moja moja, kwa subira, kisha akamrudishia simu. "Nyumba hizi si za kwetu. Hata miti si ya kwetu."

Usiku huo ndipo kijana alipojua kwamba sinema ile ilipigwa Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Kila nikilikumbuka hili moyo unaniuma. Wachoraji wa Slam Dunk walichora mahali palipo, hata leo ukienda unapajua. Sinema ya Kolwezi ilichukua jina la mji wetu na misiba yake, ikauacha mji wenyewe. Wakongo na Wazungu waliouawa Mei ile, mamia kwa mamia, walianguka katika mitaa ambayo haimo kabisa katika sinema ile. Na aliyeijua mitaa hiyo, nyumba kwa nyumba, alikuwa ameketi uani Tenke, kiti cha mgeni kitupu mbele yake.

Siku zikaisha. Ndege ilikuwa Lubumbashi, malori ya madini yalikuwa yameziba barabara, na gari lilipita Tenke usiku wa manane bila kusimama. Nkambo alifariki mvua zilipoanza.

Baada ya matanga kijana alinipigia simu kutoka Liège. Hakutaka picha tena. Aliuliza nkambo alitoka Kolwezi kwa njia gani, kwa miguu au kwa treni, na kwa nini mbwa walinyamaza. Nilijua kwamba alibeba godoro kichwani, na kwamba mtoto wa mwisho alikuwa mgongoni. Nimeishi nyua mbili tu kutoka kwake miaka yote hii, nikila bukari yake, na hayo mengine sikuwahi kumuuliza.