Nyama, Dini na Ujirani

Kuna swali moja ambalo sisi walimu twaulizwa mara nyingi, nalo ni hili: Je, tofauti ya dini peke yake yaweza kumfanya jirani kuwa adui? Wengine hujibu upesi ya kwamba dini ndizo ziletazo vita. Wengine husema dini haina hatia kamwe. Twaona majibu yote mawili ni mepesi mno. Basi na tulipime neno hili kwa mambo yaliyotukia.

Tuanze nyumbani. Hapa Kalangalala, na katika nchi yote ya Geita, dhahabu imewakusanya watu wa makabila mengi na dini mbalimbali. Tangu zamani ilikuwa desturi kwamba ng'ombe wa sokoni, au wa arusi, achinjwe na Mwislamu, ili wote waweze kula pamoja. Nguvu ya desturi hiyo ilikuwa adabu ya jirani kwa jirani. Lakini mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere, ulizuka ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja. Wakristo wengine walichinja wenyewe, watu wakapigana, na mchungaji mmoja akauawa. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, fujo za jambo lilo hilo zikazuka Tunduma, mpakani na Zambia.

Ni nini kilichobadilika? Ng'ombe ni wale wale, na majirani ni wale wale. Ila lililokuwa hisani lilidaiwa kuwa haki. Huyu alisema, "Kuchinja ni kwetu." Yule akasema, "Nasi hatutaki kuchinjiwa." Tangu hapo nyama iliacha kuwa chakula, ikawa bendera. Watu hawakuuliza tena, "Tutakulaje pamoja?" bali waliuliza, "Mji huu ni wa nani?"

Sasa tuvuke bahari mpaka Bara Hindi. Huko Wahindu humheshimu ng'ombe, na Waislamu wengine humchinja katika sikukuu yao. Wamekaa pamoja karne nyingi, mara wakigombana, mara wakipatana. Mwaka 1893 watu waliuana kwa ajili ya ng'ombe. Mwaka 1909 Waingereza, waliokuwa wakiitawala nchi ile, waliwapa Waislamu uchaguzi wao peke yao. Hivyo mwenye kutafuta kiti aliweza kukipata kwa kuwaita watu wa dini yake tu. Mwaka 1947 nchi ikagawanywa, Bara Hindi na Pakistani. Watu zaidi ya milioni 10 wakayahama makwao, na waliouawa huhesabiwa kwa malaki. Gandhi, Mhindu aliyewasihi watu wapatane, aliuawa tarehe 30 Januari 1948, wala si na Mwislamu, bali na Mhindu mwenziwe aliyemwona amewapendelea Waislamu. Tena tarehe 6 Desemba 1992 umati wa Wahindu ulibomoa msikiti wa kale huko Ayodhya, baada ya wanasiasa kuwakusanya watu kwa neno hilo miaka kadhaa. Na katika fujo zilizofuata watu wapata 2,000 walikufa.

Twajifunza nini? Tofauti ya kuabudu ilikuwako siku zote, na mara nyingi watu waliweza kuichukua. Ilipofanywa kipimo cha nani atawale na nani anyamaze, ndipo ilipokuwa mauti. Lakini tusiwatwike wanasiasa mzigo wote. Muuzaji hauzi pasipo mnunuzi. Kama sisi tusingependa kusikia kwamba tu bora kuliko jirani zetu, maneno yao yangeanguka chini.

Katiba yetu ya mwaka 1977 yampa kila mtu uhuru wa dini yake, na sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 yakataza chama cha dini moja. Sheria hizo ni njema. Hata hivyo sheria haikai mezani pa arusi. Mezani tunakaa sisi.

Basi yatupasa nini? Kwanza, mwuaji na ahukumiwe kwa kuwa ni mwuaji, wala hatia yake isitwikwe watu wote wa dini yake. Pili, Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho, waliogombana juu ya nyama, kwamba mwenye nguvu ndiye awezaye kuuacha uhuru wake kwa ajili ya mwenziwe. Kwa hiyo Mkristo asiyeumizwa na kisu cha Mwislamu hashindwi akimwachia kuchinja siku ya karamu ya wote, ametoa zawadi. Lakini, tatu, zawadi haichukuliwi kwa fimbo. Ndugu zetu Waislamu nao wakubali kwamba mtu aweza kuchinja kwake, kwa ajili ya watu wake, bila kuwa adui wa mtu. Ila na awaambie wanunuzi kweli, ili asidanganywe yeyote.

Na siku mtu atakapokuja kutuomba kura, akaanza kutuhesabia walio wa dini yetu na wasio wa dini yetu, na tumwulize jambo moja tu: "Baada ya uchaguzi wewe utarudi mjini, sisi tutaishije na jirani uliyetufundisha kumchukia?"