Nani Alipe Mchezo Wangu?



Tangu muhula uliopita nimekuwa na swali moja, na leo naliweka hapa tulifikirie pamoja. Je, mtu anaweza kumdhulumu mwenzake bila kusema hata neno moja la uongo? Usiharakishe kujibu ndiyo. Darsani hata mimi ningejibu hivyo. Ila siku swali liliponijia likiwa na pesa mkononi, jibu lilikuwa zito.

Mimi na binamu yangu tulinunua Toyota Starlet iliyotumika, tukachanga nusu kwa nusu. Lilikuwa limeshazeeka Japani kabla ya kushushwa Dar es Salaam na kuletwa kwetu. Usukani wake uko kulia, kama magari mengi ya hapa Bujumbura, ingawa sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Binamu alitaka gari la kumfikisha kazini. Mimi ninayesoma mitambo nilitaka jambo jingine: kulifunga turbo. Anayeijua Buyenzi hatashangaa. Mtaa ule umejaa mafundi, na ukikaa garaji alasiri mbili tatu, hukosi mtu wa kukuonyesha ilipo turbo iliyotolewa kwenye gari lililokufa.

Kwa asiyeijua, turbo inatumia kitu kinachotupwa. Moshi wa injini unatoka na nguvu ambayo kwa kawaida inapotelea kwenye ekzosi. Turbo inaunasa moshi huo uzungushe gurudumu dogo, na gurudumu hilo, kwa mhimili mmoja, linazungusha jingine linalosukuma hewa ndani ya injini. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikizidi na esansi ikazidi, nguvu nayo inazidi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili wazo hili mwaka 1905. Kwetu lina mvuto wa pekee. Kutoka ufukwe wa Tanganyika, kwenye mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari, barabara inapanda mpaka Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na gari dogo linaishiwa pumzi. Turbo inalirudishia pumzi.

Tulifanya kazi miezi miwili, kila Jumamosi na baada ya swala ya Ijumaa. Siku tulipopanda kwa mara ya kwanza kuelekea Bugarama, tuliyapita malori yanayojikongoja, vijana wa baiskeli wakiwa wamening'inia nyuma yake baada ya kushusha ndizi mjini. Sijawahi kufurahi namna ile kwa kazi ya mikono yangu, na mpaka leo sioni kwamba furaha ile ilikuwa dhambi. Kujifunza kwa kushika ni elimu, na mali ilikuwa yetu.

Lakini injini ile haikuumbiwa mzigo ule. Toyota wenyewe, walipotengeneza Starlet ya turbo, walipunguza mgandamizo ndani ya silinda kutoka uwiano wa 9.6 hadi 8.2, kwa sababu hewa iliyosukumwa inaongeza joto na shinikizo. Sisi hatukupunguza chochote. Tena ulikuwa wakati wa uhaba, watu wanalala kwenye foleni za vituo, na mara nyingine tuliweka esansi ya chupa tusiyojua imetoka wapi wala imechanganywa na nini. Injini ikaanza kugonga: mchanganyiko wa hewa na esansi unalipuka kabla ya wakati wake, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni. Nilikisikia kile kishindo. Nikaendelea kukanyaga.

Baada ya wiki chache gasketi iliungua, na asubuhi gari likawa linatoa moshi wa buluu na kula oili. Tukaitoa turbo, tukarudisha ekzosi ya zamani, tukabadilisha gasketi. Tulipopima mgandamizo, silinda ya tatu ilikuwa chini sana kuliko wenzake. Ringi zilikuwa zimekwisha, na labda pistoni yenyewe. Pesa ya kuifungua injini upya hatukuwa nayo. Tukakubaliana kuuza.

Fundi mmoja akatupa ushauri wa bure: wekeni oili nzito. Oili nzito inaziba pengo, moshi unapotea kwa muda, hata kipimo kinapanda kidogo. Tukaiweka. Tukaosha injini ikang'aa.

Mnunuzi alikuwa mzee wa makamo aliyetaka kulifanya taksi. Aliuliza kama limewahi kupata ajali, kama hati zake ziko sawa, na kama lina deni lolote. Tulimjibu kweli tupu. Alikuja na fundi wake, akaliwasha, akasikiliza, akatazama ekzosi. Hakuna moshi. Wakaanza kuzungumza bei.

Nilimvuta binamu pembeni. "Kaka, tumwambie."

"Tumwambie nini? Ameuliza, tumejibu. Ana fundi wake. Gari kuukuu ni gari kuukuu, na yeye analijua hilo."

Ndugu msomaji, hoja zake si za kudharau. Hakuna anayenunua gari la miaka thelathini akitarajia injini mpya. Isitoshe, wanachuoni wamejadili sana kuhusu muuzaji anayejivua dhamana ya aibu za bidhaa. Wahanafi wamelipa jambo hilo nafasi pana, na madhehebu ya Shafi, tuliyolelewa nayo wengi wetu, yamelibana sana. Lakini sisi hatukumwambia mzee kwamba tunajivua chochote. Tulinyamaza tu, na kabla ya kunyamaza tulikuwa tumeweka oili.

Hapo ndipo nilipokumbuka hadithi mbili tunazozisoma tangu madrasa. Ya kwanza ni ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake na kukuta majimaji chini. Mwenye mali alisema mvua ndiyo iliyokilowesha. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakaona. Tazama vizuri: hakulaumiwa kwa mvua. Mvua ilitoka mbinguni. Alilaumiwa kwa mpangilio wa rundo, yaani kikavu juu na chenye maji chini, ingawa hatukuambiwa kwamba alimdanganya mtu kwa ulimi.

Ya pili ni ya mnyama asiyekamuliwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa ili kiwele kijae. Mnunuzi akigundua, ana siku tatu za kuchagua: abaki naye au amrudishe. Nilipoifikiria hadithi hii nikiwa nimesimama karibu na lile gari, niliona aibu. Kiwele kilichojaa ni maziwa kweli. Moshi usioonekana ni kweli haupo. Lakini vyote viwili vinamwonyesha mnunuzi uwezo wa kila siku ambao haupo. Oili ile nzito ilikuwa kiwele changu.

Basi jibu langu ni hili. Tungeuza gari likiwa na moshi wake, hata kama hatukuulizwa, angalau macho ya mzee na masikio ya fundi wake yangefanya kazi yao. Sisi tuliyafunga. Anayekwenda na fundi ametimiza wajibu wake, na hoja ya kwamba alipaswa kugundua haimfai yule aliyefanya bidii asigundue.

Kuna jambo zaidi. Katika fiqhi, anayebeba dhamana ndiye mwenye haki ya faida, na faida haiachani na dhamana yake. Raha ya kupanda Bugarama niliionja mimi. Kishindo nilikisikia mimi, nikachagua kuendelea. Ningenyamaza, bili ya raha ile ingemfikia mzee ambaye hakuwamo garini, siku taksi yake ingekufa njiani na abiria ndani. Una haki ya kuijaribu mali yako mpaka ivunjike. Huna haki ya kumkabidhi mwingine vipande vilivyofunikwa.

Nikarudi. "Mzee, silinda ya tatu imechoka. Tulilifunga turbo, na mimi ndiye niliyetaka. Oili iliyomo ni nzito. Ukiweka ya kawaida utauona moshi."

Mzee alimtazama fundi wake, wakanong'ona, akakata faranga milioni mbili kwenye bei, akanunua.

Binamu hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Ndipo aliponiuliza: "Umetoa sadaka kwa pesa yangu?"

Swali hilo ni gumu kuliko la kwanza. Ni rahisi kuwa mkweli kwa hasara ya mwenzako. Nilimjibu kwamba milioni mbili zile hazikuwa zake wala zangu, kwa kuwa zilikuwa bei ya silinda nzima ambayo hatukuwa nayo. Naamini hivyo. Lakini yeye hakutaka turbo. Alitaka gari la kazini. Kama mchezo ulikuwa wangu kwa mzee, ulikuwa wangu kwake pia. Kwa hiyo nusu yake, milioni moja, nimeibeba mimi. Ninamlipa kidogo kidogo kwa pesa ninayopata nikifundisha hisabati watoto wa jirani. Bado miezi saba. Asubuhi anapanda basi kwenda kazini, na ananijibu salamu.

Wabillahi tawfiq.