Kosa Lililotoka Nyumbani

Somo: Luka 15:8–10



Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka Bwana wetu alisimulia habari za vitatu vilivyopotea. Kondoo alipotea kwa kutangatanga malishoni. Yule kijana alipotea kwa kupenda mwenyewe. Alidai urithi wake, akaenda zake. Lakini shilingi ya yule mwanamke haikwenda popote. Shilingi haina miguu wala haina nia. Ilipotelea humo humo nyumbani, mikononi mwa mwenyewe. Twahubiriwa mara nyingi juu ya kondoo na juu ya mwana mpotevu, lakini shilingi twaipita haraka. Mwezi huu na tuitazame shilingi. Na ili tuielewe vema, tusikie kwanza habari ya kweli iliyotokea mwaka 2023.

Tarehe 20 Agosti 1977 Wamarekani walirusha chombo cha anga kiitwacho Voyager 2 kutoka Cape Canaveral, Florida. Ndani yake hamna mtu. Kilipita karibu na sayari ya Mshtarii mwaka 1979, Zohali mwaka 1981, Uranusi mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989. Baada ya hapo hakikuwa na sayari nyingine ya kutembelea. Kikashika njia ya kwenda nje, na tarehe 5 Novemba 2018 kikavuka mpaka ambapo upepo utokao kwenye jua unakoma. Chaenda kilometa 15 hivi kila sekunde, wala hakitarudi tena.

Huenda mtu akauliza: hakuna darubini iwezayo kukiona chombo hicho, watu wamejuaje kilipo? Wanajua kwa kukisikiliza. Ukisimama kando ya barabara, na basi likija mbio huku likipiga honi, sauti husikika nyembamba. Likishakupita, sauti huwa nene. Vivyo hivyo mawimbi ya redio ya chombo hubadilika kwa kadiri ya mwendo wake, na kwa mabadiliko hayo madogo wataalamu huupima mwendo huo. Tena hukipelekea mawimbi, nacho huyarudisha. Wakihesabu saa zilizopita, wanapata umbali. Kwa kazi hiyo vimejengwa vituo vitatu, kimoja Goldstone huko California, kimoja karibu na Madrid huko Hispania, na kimoja karibu na Canberra huko Australia. Lakini Voyager 2 kimekwenda mno upande wa kusini, hata imebaki antena kubwa ya Canberra, yenye upana wa meta 70, ndiyo ya kukipelekea maagizo.

Basi, tarehe 21 Julai 2023 chombo kilipelekewa maagizo kutoka duniani, na ndani ya maagizo hayo mlikuwa na kosa. Chombo kikatii kama kilivyotii siku zote, kikaigeuza antena yake kando ya dunia kwa nyuzi 2 tu. Nyuzi 2 ni kitu kidogo. Mtu akigeuza shingo yake kiasi hicho hata jirani hatambui. Lakini chombo kilikuwa mbali karibu kilometa bilioni 20, na kwa umbali huo nyuzi 2 zilitosha kuyapitisha mawimbi yake kando yetu kwa karibu kilometa milioni 700, yaani zaidi ya mara nne ya umbali uliopo kati yetu na jua. Habari zikakatika. Amri za nyumbani hazikusikika tena kule, wala taarifa za kule hazikufika nyumbani.

Angalieni, wapendwa: chombo hakikuasi, wala hakikuharibika. Kiligeuka kwa kuwa kilitii neno lililotoka nyumbani. Hii ndiyo ile shilingi. Hapa twajifunza mambo matatu.

Kwanza, neno dogo humgeuza mtu. Tukiona ndugu ameacha kuja kanisani, upesi twasema amepoa, amependa dunia, amefuata pombe. Huenda ni kweli. Lakini je, tumewahi kuuliza kama neno lililomgeuza lilitoka kwetu? Binti aliyepata mimba akatajwa mbele ya watu wote, wala asifuatwe nyumbani hata siku moja. Kijana aliyetaka kuingia kwaya, akachekwa kwa ajili ya viatu vyake. Mjane ambaye kila akikutana na mzee wa kanisa huulizwa ahadi yake kabla ya kuulizwa hali yake. Siku ile alipogeuka, aligeuka kidogo tu: akakaa benchi la nyuma, akakosa Jumapili moja. Hakuna aliyetambua. Lakini kadiri miaka ilivyopita, zile nyuzi mbili zimekuwa safari ndefu, na leo tukihubiri kwa sauti kuu, sauti yetu yampita kando.

Yule mwanamke hakuilaumu shilingi. Aliwasha taa, akafagia nyumba yake mwenyewe. Tukitaka kumtafuta aliyepotea kwa namna hii, tuanze kwa kufagia kwetu.

Pili, wenye chombo walisikiliza kabla ya kusema. Katika siku zile za kimya walikitafuta kwa antena zao, na kufikia tarehe 1 Agosti walikuwa wameyapata mawimbi yake. Yalikuwa dhaifu mno, hayakuwa na habari ndani yake; wao wenyewe waliyafananisha na mapigo ya moyo. Hayakuwaambia neno ila hili moja, kwamba chombo kingali kizima. Nao waliweza kuyapata kwa sababu kwa miaka 46 walikuwa wameifuata njia yake na kuiandika, wakajua upande gani wa mbingu waelekeze masikio yao.

Na sisi je? Wako ndugu walio mbali ambao bado moyo wao wapiga. Hawaji ibadani, lakini kukiwa na msiba utawaona wamesimama nje ya kanisa, chini ya mti, kofia mkononi. Kijana aliyekwenda mjini haandiki barua, lakini akikutana na mtu wa kwetu huuliza, “Padre yule yupo bado?” Mama mmoja hapokei Meza ya Bwana, lakini Krismasi hutuma mayai yake kwa mkono wa mtoto. Hayo ndiyo mapigo. Mtu asiyesikiliza hasikii kitu, naye hujitetea kwamba fulani amekwisha kufa kiroho. Tena tutawasikiaje kama hatujui wanakaa wapi? Kulifuta jina katika kitabu cha mtaa ni rahisi. Kuifuata njia ya mtu mwaka baada ya mwaka ni kazi ya upendo.

Tatu, nyumbani ndiko kulikopaza sauti. Chombo kile kimewekewa utaratibu wa kujirekebisha chenyewe mara kadhaa kwa mwaka, na zamu iliyofuata ilikuwa tarehe 15 Oktoba. Wenye nacho wangeweza kukaa na kusema, “Kitajirudi.” Hawakukaa. Kwa kuwa kosa lilitoka kwao, waliona ni juu yao kulitengeneza. Kutoka Canberra walikiita kwa mtambo wao wenye nguvu kuliko yote, wakikiagiza kiigeuze antena iielekee dunia, ingawa hawakuwa na hakika kama kitasikia. Wito ule ulisafiri saa 18 na nusu. Jibu nalo lilihitaji saa 18 na nusu nyingine. Wakangoja saa 37. Tarehe 4 Agosti taarifa zikaanza kufika tena. Chombo kilikuwa kimesikia, kimegeuka.

Mara ngapi sisi twasema, “Mwacheni, atajirudi mwenyewe,” na huku aliyemsukuma ni mmoja wetu? Na tukienda kumwita, twaenda mara moja, twasimama mlangoni dakika tano, kisha twarudi na kusema, “Tulimwambia, hakusikia.” Jeraha la miaka kumi haliponi kwa salamu ya siku moja. Neno la toba lina safari yake, na jibu lina safari yake pia. Mwenye kuita hana budi kuwa mwenye kungoja.

Walakini mfano huu una mwisho wake, maana kazi ya wanadamu ina mwisho. Umeme wa Voyager 2 wapungua kwa wati 4 hivi kila mwaka. Siku yaja ambapo kitanyamaza kabisa, na wale waliokifuata kwa bidii hivyo hawatakuwa na la kufanya. Kitaendelea gizani bila mtu wa kukisikia. Lakini kwa mwanadamu sivyo. Mtunga Zaburi ya 139 alikwisha kutafuta mahali pa kwenda ambapo Mungu hayupo, juu, chini, hata ng'ambo ya bahari, asipaone. Mungu hamfuati mtu kwa kupima mawimbi. Yupo naye kule kule alikofika, na bado anamwita arudi. Tena kondoo, shilingi na mwana, vyote vitatu vilionekana, na furaha ikawa kubwa.

Basi, wapendwa, kila nyumba na itaje jina moja la mtu aliyegeuka. Tuulize kwa upole ni neno gani lililomgeuza. Kama lilikuwa letu, twende sisi, tusimtume Padre. Tuseme, “Ndugu, tulikukosea.” Kisha tungoje.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewasha taa ukaitafuta shilingi yako, tusamehe maneno yetu yaliyowageuza wadogo wako. Utupe masikio ya kuyasikia mapigo ya walio mbali, ujasiri wa kuwaita, na saburi ya kungoja jibu lao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.