Vazi, Kinga na Utu

Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, neno vazi halijakosekana katika mazungumzo ya utamaduni wetu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Katika miaka hiyohiyo ndugu zetu Wamasai walishinikizwa waache lubega na wavae suruali. Zama nyingine zikaja, na mjadala wa kutafuta vazi la taifa ukafufuka na kulala tena. Katika mabishano hayo yote maswali yalikuwa mawili. La kwanza: je, vazi hili linastiri? La pili: je, vazi hili ni letu? Swali la tatu, ambalo kwa maoni yetu lingestahili kutangulia, halikuulizwa: je, vazi hili linamkinga aliyelivaa?

Vazi lina kazi tatu: stara, pambo na kinga. Stara na pambo hutazama macho ya watu, maana mtu aliye peke yake msituni haoni haya wala hana wa kumpendeza. Kinga ni shauri baina ya mwili na mbingu. Mvua haimwulizi mtu kabila lake wala haijali vazi lake limetoka wapi, humnyea tu. Hivyo ni rahisi kudhani kwamba kinga ni jambo la mwili, lisilowahusu wanautamaduni. Sisi tunashikilia kinyume chake. Namna jamii inavyoamua nani akingwe na nani aachwe mvuani ni kipimo cha utu wake, na utu ndio kiini cha utamaduni.

Tunayasema haya tukiwa na Murusagamba mbele ya macho yetu. Murusagamba ni kata ya wilaya ya Ngara, katika vilima vya Bushubi, upande wa mpaka wa Burundi. Ukielekea mashariki, nchi hutelemka hadi mapori ya Biharamulo. Asubuhi za msimu wa mvua ukungu hukalia mabonde, na baridi yake si ya mchezo. Kazi za watu ni za nje: kulima maharage na mahindi, kuhudumia migomba na kahawa, kuchunga ng'ombe na mbuzi. Mtoto huenda shule kwa miguu, na mvua ikimkuta njiani hukaa darasani na sare iliyolowa mpaka imkaukie mwilini. Wahenga walinena, aisifuye mvua imemnyea. Washairi tumeisifu sana mvua, nasi tukiisikiliza juu ya bati. Anayeijua hasa ni yule aliyeshika jembe.

Wazee wa nchi za maziwa makuu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Walilainisha ngozi kwa samli na kuivaa. Walivuna gome la mtuba, wakalipiga kwa nyundo za mti zenye mifuo hadi likatanuka na kuwa nguo laini ya rangi ya hudhurungi. Ufundi huo ulijulikana Buganda, Buhaya na kwingineko, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ule wa Buganda kuwa hazina ya binadamu wote. Lakini linalotugusa zaidi ni yaliyofuata baada ya gome kuvunwa. Mti ulioachwa uchi ulifungwa majani ya mgomba ili jeraha lake lipone. Ukaota gome jipya, ukavunwa tena mwaka baada ya mwaka. Mti ulimvika mtu, naye mtu akauvika mti. Na mvua ilipomkuta mtu njiani, alikata jani la mgomba akajifunika. Juu ya jani hilo pana nta ya asili, na tone la maji huteleza bila kupenya.

Kisha ikaja nguo ya kufumwa. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, na majahazi ya Salem, jimbo la Massachusetts, yakaleta Unguja pamba iliyofumwa katika viwanda vya nchi yao, vikiwamo vile vya mji wa Lowell, kando ya mto Merrimack. Pwani wakaiita merikani. Pamoja na kaniki, ilipanda bara katika misafara, ikawa vazi na fedha kwa wakati mmoja. Hatuna sababu ya kuilaani. Ilifulika, ilikuwa nyepesi, ikaleta stara na pambo kwa watu wengi. Hata kanga, ambayo leo hakuna anayethubutu kusema si yetu, ilizaliwa katika biashara hiyohiyo ya bahari. Hata hivyo, kwa upande wa kinga pamba ina upungufu wake: ikilowa hushika maji, hugandamana na ngozi, na kuunyang'anya mwili joto. Mkulima wa vilimani alipata nguo iliyomheshimisha kijijini, lakini shambani mvua ikawa bado bwana wake.

Wakati huo huko ng'ambo watu walikuwa wakishindana na tatizo hilohilo. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alibandika mpira ulioyeyushwa katikati ya vitambaa viwili, akapata koti lisilopenya mvua. Lakini lililozuia maji ya nje lilizuia pia jasho la ndani, na mtu afanyaye kazi ngumu alilowa vilevile. Ilichukua karibu miaka 150 kufumbua fumbo hilo. Mwaka 1969, katika jimbo la Delaware, Robert Gore aliivuta kwa ghafla plastiki ileile ipakwayo kwenye vikaango visivyogandisha, akapata utando wenye vitundu vidogo mno, ambavyo tone la mvua haliwezi kuvipita ilhali mvuke wa jasho hutoka. Makoti ya utando huo yalianza kuuzwa mwaka 1976. Mwaka 1979 kiwanda cha Malden Mills, mjini Lawrence, kando ya mto uleule wa Merrimack, kilitoa kitambaa cha poliesta chenye manyoya mafupi mithili ya sufu. Hewa hunaswa kati ya manyoya hayo na kuhifadhi joto, na kwa kuwa nyuzi zake hazinywi maji, kitambaa hukauka upesi.

Kiwanda hicho kina kisa kinachofaa kukumbukwa na wapimao mambo kwa utu. Tarehe 11 Desemba 1995 kiliteketea kwa moto. Mwenye mali, Aaron Feuerstein, angeweza kuchukua fedha za bima na kwenda zake. Badala yake alikijenga upya, na kwa majuma mengi aliendelea kuwalipa mishahara wafanyakazi ambao hawakuwa na kazi ya kufanya. Mwaka 2001 kampuni ilifilisika. Wako wasemao kwamba alikuwa mpumbavu. Sisi twaona kwamba alielewa maana ya bidhaa yake kuliko wengi: mtu atengenezaye joto kwa ajili ya wageni asiowajua hawezi kuwaacha baridini waliolitengeneza.

Je, ugunduzi huo umetufikia vipi? Katika nchi yetu mahali unapoonekana wazi ukifanya kazi yake hasa ni mlima Kilimanjaro. Mgeni apandaye hadi mita 5,895 huvaa tabaka juu ya tabaka za vitambaa hivi. Mpagazi hupanda njia hiyohiyo, na begani ana mzigo ambao kanuni zimeuwekea kikomo cha kilo 20. Lakini kwa miaka mingi wapagazi wengi walipanda na fulana za pamba na viatu vilivyochakaa, na wapo waliokufa kwa baridi. Tangu mwaka 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi, wenye makao mjini Moshi, umekuwa ukiwaazima makoti na viatu bila malipo. Kazi hiyo ni njema na tunaiheshimu. Lakini wahenga walitahadharisha kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Abebaye hema, chakula na vazi la akiba la mwenziwe asingepaswa kuomba joto kama hisani. Joto ni sehemu ya ujira wake.

Kwingineko, Murusagamba ikiwamo, mavazi haya hufika kwa njia ya mitumba. Robota hufunguliwa mnadani, na ndani yake, kati ya mashati na magauni, huchomoza koti la mlimani lenye zipu nyingi. Mchungaji hulinunua, na kweli humfaa kwa upepo. Lakini kemikali iliyokuwa ikiteremsha maji juu ya kitambaa imekwisha kwa kufuliwa, utepe uliofunika mishono umebanduka, na utando umeanza kuachana na kitambaa. Aliyelivaa kwanza aliliacha kwa sababu hizo hasa. Kinachofika kwetu ni umbo la kinga. Kinga yenyewe imebaki ng'ambo. Tena maelezo ya kulitunza yameandikwa kwa lugha asiyoijua mnunuzi, naye hulifua kwa sabuni kali kama afuavyo shuka. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuikomesha mitumba ifikapo 2019. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za kibiashara, nchi nyingine zilirudi nyuma. Rwanda iliendelea, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo. Hatuwalaumu wauzaji wala wanunuzi wa mitumba, maana mwenye baridi hachagui. Tunasema tu kwamba taifa lisilochagua huvaa wakati uliopita wa wengine.

Wapo watakaotujibu kwamba babu zetu walilowa na wakaishi, na kwamba vazi la raha hulegeza mwili. Hoja hii ina sura ya ushujaa, lakini aghalabu husemwa na walio pakavu. Uvumilivu ni sifa kwa mtu aliyeweza kukimbia shida akachagua kusimama. Asiye na njia nyingine hajavumilia. Amelazimika, na kumsifu kwa hilo ni kumvika sifa badala ya koti.

Wengine watasema kwamba tukiupokea ugunduzi huu tutaiacha asili yetu, na mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ya mtu aliyejifunika jani la mgomba ilikuwa nini, kama si kujikinga kwa akili kwa kile kilichokuwa karibu naye? Kumwacha mjukuu wake mvuani ndiko kuiacha asili hiyo.

Pamoja na hayo, mti uliovikwa majani ya mgomba unatuonya tusipokee kila kitu kwa mikono miwili. Kemikali nyingi za florini zilizotumiwa kuzuia maji, ziitwazo PFAS, hazivunjiki upesi. Hukaa majini, udongoni na katika damu ya viumbe. Jimbo la California liliyazuia mengi ya mavazi yenye kemikali hizo tangu Januari 2025, na Ufaransa ikafuata Januari 2026. Kitambaa cha manyoya nacho, kila kifuliwapo, humwaga nyuzi za plastiki zisizoonekana kwa jicho. Taifa letu lilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Basi haifai lipokee plastiki hiyohiyo kwa kuwa imeshonwa mikono. Tena inapasa tuwe macho, kwani yanayokataliwa huko huenda yakatafuta soko huku. Kinga ya mmoja ikiwa sumu katika kisima cha mwingine, hiyo si kinga. Ni kuhamisha mvua.

Tufanye nini basi? Hatudai kila kijiji kijengewe kiwanda cha utando. Kanda ya Ziwa inalima pamba, na nchi yetu imesafirisha nta ya nyuki kwa miaka mingi. Mabaharia wa kale wa Ulaya walipaka turubai mafuta na nta, wakapata vazi la kuhimili dhoruba. Vazi hilo ni zito na halipitishi jasho vizuri, lakini huweza kupakwa tena nyumbani likipauka, na fundi cherehani wa kijijini huweza kulishona na kulitia kofia. Vyuo vyetu vya ufundi vingelifanyia majaribio, na kuona ni wapi poliesta ina faida isiyo na mbadala na ni wapi pamba na nta zatosha. Waandikao kanuni za sare za shule wakumbuke kwamba Ngara si Dar es Salaam: kabla ya kubishana juu ya rangi ya sketi, waulize mtoto atafikaje darasani akiwa mkavu. Na elimu ya kutunza vazi, yaani namna ya kulifua, kulianika na kulipaka upya, ifundishwe kwa Kiswahili, maana vazi lisilofuatana na maarifa yake ni ganda tupu.

Utamaduni wa taifa haujengwi na ngoma na mashairi peke yake. Hujengwa pia na namna tunavyomvika yule ambaye kazi yake haingoji mvua ipite. Tumekwisha kuuliza sana kama vazi linastiri na kama ni letu. Siku mkulima wa Murusagamba atakaporudi kutoka shambani kwake, mvua imekatika naye ni mkavu, hatutakuwa na haja ya kumwuliza kama vazi lake ni la taifa.