Mzee Wangu Hana Bendi

Mwaka 2024, kwenye saiba moja pale Loitokitok, jamaa wa kompyuta aliniuliza swali ambalo mpaka leo sijapata jibu lake: "Mzee wako anaingiza ngapi kwa mwezi?"

Nilicheka. Ng'ombe hawana mwisho wa mwezi. Baba huuza dume ada ikibisha hodi au mtu akilazwa hospitali, na kuna miezi anarudi kutoka soko la Kimana na vumbi tu kwenye viatu. Kabla ya ukame wa 2022 alikuwa na ng'ombe zaidi ya 40. Walibaki 11. Sasa huyo ni maskini? Muulize mwenyewe. Atakwambia maskini ni mtu asiye na mtoto, hana mfugo, na hana jirani wa kumkopesha. Yeye anavyo vyote vitatu. Amekwama kidogo tu, mvua ikinyesha atainuka.

"Weka elfu tano," jamaa akasema. "Wote wanaweka hiyo."

Alijua anachosema. Mpango mpya wa kufadhili vyuo vikuu, ulioanza 2023, ulikuwa umetugawa katika bendi tano. Familia isiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi iko bendi ya kwanza: serikali inatoa asilimia 70 ya ada kama ufadhili, 25 kama mkopo, nyumbani mnatafuta 5. Ukipita 120,000 uko bendi ya tano, na hapo familia inabeba 40. Anayeamua uko wapi ni mtambo unaokusanya majibu yako: wazazi wanafanya nini, mko wangapi, ulisoma shule gani. Mtambo haujawahi kuona ng'ombe akifa.

Nikaweka elfu tano. Cha kuchekesha ni kwamba nilidanganya bure. Mimi nilikuwa nimechagua chuo cha binafsi Kitengela, na katika mpango huu ukienda chuo cha binafsi hupati ufadhili hata uwe yatima wa kulala nje. Unaruhusiwa mkopo tu. Watu huniuliza, sasa ulifuata nini huko kama huna pesa? Nilifuata kitanda. Anti yangu anaishi Kitengela, na kwake ningelala na kula bure. Chuo cha umma nilichokuwa nimeitiwa kilikuwa mbali sana, mahali sina mtu, na kodi ya chumba huko ingemaliza ule unafuu wote wa ada. Hesabu ya nyumbani ilisema binafsi ni rahisi. Hesabu ya serikali ilisema anayekwenda binafsi ana pesa.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kuanzia 2016 serikali yenyewe ilikuwa ikipeleka wanafunzi vyuo vya binafsi na kuahidi kuwalipia, hadi deni likafika mabilioni na vyuo vikaanza kulia. Naelewa basi anayesema pesa ya umma ibaki vyuo vya umma, ambavyo navyo vinazama kwa madeni. Ni hoja nzito, na sitaki kuikwepa. Kwa nini kodi ya mama mboga imlipe mwenye chuo? Lakini hoja hiyo inahusu jengo. Mimi sikuulizwa kuhusu jengo, niliulizwa kuhusu nyumbani kwetu. Kama jibu halitabadilisha kitu, si ungeacha kumvua mtu nguo?

Halafu kuna binamu yangu. Baba yake ana nyumba za kupangisha, lakini hana karatasi ya mshahara, kwa hiyo kwenye fomu hana kazi. Binamu alipata bendi nzuri chuo cha umma. Nilipomwambia amedanganya alinijibu, "Nimedanganya wapi? Wameuliza kazi, mzee hana kazi." Tulibishana hadi chai ikapoa. Nilitaka sana kumwona mwizi, ila mimi pia nilikuwa na elfu tano zangu.

Elfu tano hizo zilinifuata. Nilipoomba basari ya eneo bunge niliandika kiasi kilekile, na fomu hiyo huwezi kuijazia gizani, inataka mhuri wa chifu na sahihi ya mzazi. Chifu akasoma kwa sauti, kama wanavyofanya. "Elfu tano kwa mwezi, mzee?" Kulikuwa na watu kwenye benchi, wengine rika lake. Baba alinitazama. Angeweza kusema si kweli, na ningekosa. Alichukua kalamu akaandika jina lake polepole, akarudisha kalamu.

Njiani hakusema neno mpaka tulipokaribia boma. "Kijana yangu, umeandika kwamba nyumba yangu haina mtu."

Nilikuwa na majibu. Kwamba swali lenyewe ni bovu, na swali bovu halistahili ukweli. Bado naamini nusu ya hilo. Nusu nyingine inanisumbua, kwa sababu sufuria ya basari ni moja. Kilichotoka hakikufika hata nusu ya ada ya muhula, lakini kilitoka, na kilichotoka kwangu hakikwenda kwa mtu mwingine, labda msichana wa Rombo ambaye elfu tano yake ilikuwa elfu tano kweli.

Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango wote unakiuka katiba, kwamba unabagua. Nilifurahi kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo na bendi zikaendelea. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha masomo, mkopo ukibaki unanidai.

Siku hizi naandika hapa na pale, Kitengela, kitanda ni kilekile cha anti. Baba amefikisha ng'ombe 17. Akinipigia simu hunitajia hesabu hiyo kabla ya salamu.