Ua Lisilo na Rangi: Ujumi na Uwajibikaji katika Picha ya Mpungate

Makala haya yananuia kuchunguza swali ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelijadili kwa muda mrefu: je, msanii anayeondoa sehemu ya uhalisi ili umbo lionekane vyema huwa ameupotosha ukweli? Tumechagua kulitazama swali hili nje ya fasihi, katika picha nyeusi na nyeupe ya mpungate uliochanua. Sababu ni kwamba katika picha ya aina hii kinachoondolewa kinajulikana bayana. Ni rangi.

Mpungate, ambao pia huitwa dungusi kakati, asili yake ni bara la Amerika. Spishi iitwayo Opuntia stricta hutoa maua ya manjano, na tunda lake likiiva huwa na wekundu uliokolea hadi kukaribia zambarau. Katika Laikipia, mmea huu ulioletwa enzi ya ukoloni umeenea na kuyaziba malisho. Tunda lake limefunikwa vijiiba vidogo mithili ya nywele. Mbuzi alilapo, vijiiba hivyo humchoma ufizi, ulimi na matumbo, na wafugaji wamepoteza mifugo kwa njia hiyo. Tembo na nyani nao hulila na kuzisambaza mbegu zake kwa kinyesi. Kwa mfugaji wa huko, basi, wekundu wa tunda ni onyo.

Je, onyo hilo hupatwa na nini katika picha isiyo na rangi? Hapa hatuna budi kuzingatia jinsi picha inavyofanyika. Filamu za kale hazikuhisi wekundu, kwa hivyo kitu chekundu kilitoka cheusi. Filamu zilizofuata zilihisi rangi zote, lakini zilimwachia mpiga picha uamuzi mkubwa. Akiweka kichujio cha manjano mbele ya lenzi, ua la mpungate hung'aa. Akiweka cha buluu, ua lile lile huingia giza. Tunda jekundu na shina la kijani, yasipowekewa kichujio, huweza kutoka katika kijivu kimoja, hata jicho lisiyatofautishe. Kichujio chekundu huyatenganisha. Kwa hiyo, anayedai kwamba picha nyeusi na nyeupe huondoa rangi tu na kuacha mengine yalivyo, hajaielewa sanaa hii. Kila kijivu ni uamuzi, na baadhi ya maamuzi hayo huweza kulificha tunda linalodhuru.

Mjadala wa kimaadili kuhusu jambo hili si mgeni. Mwaka 1928, Mjerumani Albert Renger-Patzsch alichapisha kitabu cha picha 100 za mimea, wanyama, mitambo na majengo, zilizopigwa kwa uangavu na ukaribu mkubwa. Yeye alipendelea kukiita *Die Dinge*, yaani Vitu. Mchapishaji akakiita *Die Welt ist schön*, yaani Ulimwengu ni Mzuri. Walter Benjamin alikishambulia katika maandishi yake ya 1931 na 1934. Hoja yake ilikuwa kwamba upigaji picha wa namna hiyo huweza kuugeuza hata umaskini kuwa kitu cha kuburudisha macho. Dawa aliyopendekeza ilikuwa maelezo: mpiga picha aiambatishe picha na maneno yatakayoizuia isiwe pambo tu.

Tunaikubali shutuma ya Benjamin, lakini dawa yake haitutoshelezi. Historia ya kitabu chenyewe inaonyesha kwamba maneno yanayobandikwa juu ya picha huweza kuipotosha kwa wepesi ule ule wa kuirekebisha. Vitu vilivyopigwa picha havikubadilika. Kilichobadilika ni jina, na jina likawaelekeza wasomaji kwenye uzuri. Zaidi ya hayo, picha inayoficha vijiiba, kisha ikaandikwa chini yake kwamba mmea huu huumiza mifugo, inalitwika andiko wajibu ulioukimbiwa na jicho.

Msimamo wetu ni kwamba uwajibikaji hukaa ndani ya umbo lenyewe. Kuondoa rangi si kosa. Yamkini ni faida, kwani manjano ya ua hulivuta jicho na kuliacha shina nyuma. Rangi ikiondoka, ua, mwiba na kovu la shina huweza kupewa uzito sawa. Mpiga picha aliyeweka ua na vijiiba katika ukali mmoja wa lenzi ameusema ukweli wa mpungate. Aliyelainisha vijiiba hivyo hadi vikawa vumbi la mwanga amemwondolea mtazamaji haja ya kujua. Wawili hawa wameondoa rangi ile ile. Tofauti yao ni kile walichomwepushia mtazamaji.

Huenda msomaji akauliza: ukweli wa nani? Nchini Meksiko mpungate umo katika nembo ya taifa, na mashina yake machanga na matunda yake huliwa. Je, mkulima wa huko akubali picha ya kutisha kwa sababu ya mbuzi wa Laikipia? Pingamizi hili ni zito, na linabomoa dai lolote kwamba mmea una maana moja. Hata hivyo, anayeliuza tunda hilo Meksiko hulisugua kwanza ili kuondoa vijiiba. Mlaji na mfugaji wanatofautiana kuhusu thamani ya mmea, lakini wote wawili wanavijua vijiiba. Picha isiyovijua ni ya mtu ambaye hajawahi kuugusa.

Hapo ndipo tunapopata kipimo. Hatumtaki msanii amfurahishe aliyedhurika, wala hatumtaki ageuze kazi yake kuwa tangazo la kilimo. Tunachouliza ni iwapo aliyedhurika, akiwekewa kazi hiyo mbele yake, angekitambua kile anachokijua. Kipimo hiki kinauhusu pia uhakiki wetu wa fasihi. Tumezoea kutenga fani na maudhui, tukausifu ufundi katika sura moja na kuutafuta ujumbe katika sura nyingine, kana kwamba ujumbe ni andiko lililobandikwa chini ya picha. Shairi linalosawiri njaa kwa vina vilivyopangika halina hatia kwa sababu ya vina hivyo. Litahukumiwa kwa kile ambacho vina hivyo vimekiacha kionekane, na kwa kile vilichokifunika.